Mpenzi wa Gati la Tatu

Mzee Iwabuchi Tamotsu ndiye mwanamume pekee wa mji wetu wa Kuromisaki aliyewahi kuliliwa na Japani nzima! Nasema hivyo kwa sababu ndivyo alivyosema yeye, na alisema mara nne kwa wiki, kuanzia saa tano asubuhi, ndani ya mkahawa wangu. Jumatano nafunga. Nadhani Jumatano alikuwa akiwaambia shakwe.

Mkahawa wangu unaitwa Suzuran. Una meza sita, mashine moja ya karaoke, na wateja ambao ukijumlisha umri wao unafika enzi za masamurai. Wote wananiita Mama, hata walionizidi miaka ishirini. Wanakuja mchana kwa sababu usiku wanalala, na wanaimba nyimbo za zamani kwa sababu za siku hizi zina maneno mengi kuliko pumzi walizobakiza.

Sisi ni watu wa adabu. Tunampigia makofi kila mtu, hata aliyekohoa tu kwa kufuata ala. Na kila mmoja ana wimbo wake. Wimbo wa mtu ni kama mswaki wake, huugusi! Bwana Hatakeda, aliyekata tiketi za feri miaka thelathini na tano, ana wimbo wake wa mabaharia na mawimbi makali, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kwenda mbali zaidi ya dirisha la tiketi. Hakuna anayemuuliza.

Wimbo wa Mzee Iwabuchi ulikuwa "Theluji ya Gati la Tatu".

Huo si wimbo wa mchezo. Ulivuma karibu miaka hamsini iliyopita, na mpaka leo ukiwekwa watu wanaacha kutafuna. Gati lenyewe ni letu, lile la feri, na aliyetunga maneno, Bibi Shiomi Tatsuyo, alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni hapa bandarini kabla hajahamia Tokyo akapata jina. Maneno yake kila mtu anayajua:

Ulikuja na mvua, hukubisha hodi,
ukala nilichopika, ukalala miguuni pangu.
Hukuniahidi neno, hukunitajia jina,
mikwaruzo uliyoniachia bado inawasha.
Asubuhi ya theluji ukapanda meli,
hukugeuka nyuma.

Hiyo mikwaruzo! Wanawake wa mji huu wameifikiria nusu karne.

Sasa, Mzee Iwabuchi aliuza kamba. Kamba za nyavu, kamba za nanga, kamba za kila unene, miaka arobaini. Alipostaafu akaendelea kutupiga kamba, safari hii bure.

Nilikuwepo siku kamba hiyo ilipoanza. Ilikuwa majira ya kuchipua, ile miezi ambayo vumbi la miti hutufanya wote tuonekane tumefiwa. Mgeni mmoja, mama wa makamo kutoka Sendai, aliingia kusubiri feri. Mzee akaimba. Mama wa watu machozi yakamtoka, kamasi zikamtoka, akafuta kwa kitambaa, akasema, "Jamani, umeimba kama mtu yaliyomkuta!"

Ilikuwa chafya, si machozi. Lakini Mzee Iwabuchi aliweka kipaza sauti mezani taratibu, akatazama dirishani kuelekea bandarini, akasema kwa sauti ya kutokea kisigino, "Ni zamani sana."

Basi! Ndivyo mtu anavyozaliwa upya akiwa na miaka sitini. Wiki iliyofuata "ni zamani sana" ikawa "tulikuwa vijana". Mwezi uliofuata ikawa "alinisihi nisiondoke". Mwaka ulipogeuka, Bibi Tatsuyo alikuwa ameanguka kwenye theluji, amekumbatia mguu wa suruali yake, na yeye ameng'oa mguu kwa uchungu mkubwa akapanda feri.

Bwana Hatakeda peke yake ndiye aliyekuwa na maswali.

"Ulipanda feri ipi?"

"Ya asubuhi."

"Mwaka ule nilikuwa dirishani kila asubuhi. Sikukukatia tiketi."

"Ungenionaje? Nilikuwa nimeinua kola ya koti!"

"Kola inakuja hadi wapi, mpaka kwenye mkono wa kutoa hela?"

"Hatakeda," alisema Mzee kwa huruma, "wewe umeyajua mapenzi kupitia kitundu cha dirisha. Sikulaumu."

Tukapiga makofi. Nimeshasema, sisi ni watu wa adabu.

Na mkewe je? Alikuwepo! Bi Fusae alikuja naye kila mara, akakaa meza ya pembeni na kahawa yake. Ni mwanamke mfupi mwenye mikono myekundu ya kutia figili chumvi, na figili zake ndizo zinazoliwa mji mzima. Hakuwahi kuimba hata mara moja. Mumewe alipofika penye "mikwaruzo", alifumba macho na kujishika kifua, na Bi Fusae alikoroga kahawa ambayo hakuitia sukari. Miaka kumi na minne akakoroga.

Mwaka jana mambo yakaenda mbio. Mwenyekiti wa chama chetu cha wenye maduka, Bwana Kanematsu, aliamka na wazo. Mtaa wetu una maduka thelathini, na yanayofunguliwa ni tisa, mojawapo likiwa la vifaa vya mazishi. Wazo lake lilikuwa kusimamisha jiwe la wimbo pale gatini. Jiwe kubwa, maneno yamechongwa, na kitufe pembeni: ukikibonyeza, wimbo unapigwa. Watalii watamiminika!

"Miji mingine nayo ina mawe," akasema Bwana Hatakeda.

"Lakini miji mingine haina mwanamume mwenyewe!" akajibu Mwenyekiti, akampiga Mzee Iwabuchi bega. "Sisi tunaye, mzima, anakunywa kahawa! Jina lake litachongwa hapo chini ya wimbo!"

Ningetegemea mtu mwenye akili asite hapo. Mzee Iwabuchi akainamisha kichwa na kusema, "Sipendi makuu. Herufi zisiwe kubwa mno."

Mwenyekiti akamwandikia Bibi Tatsuyo barua. Bwana Kanematsu akiandika barua, jua huchomoza kwenye mstari wa kwanza na halifiki kichwani mpaka ukurasa wa tatu. Kati ya maua na salamu alisema hivi: mji unaomba ruhusa ya kuchonga jina la yule aliyeondoka asubuhi ile ya theluji, ambaye sisi hatujamsahau. Jina lenyewe hakulitaja. Alitaka liwe la kushtukiza.

Jibu lilikuja kwa kadi. Mwenyekiti alilisoma kwenye kipaza sauti cha karaoke, mwangwi ukiwa umewashwa:

"Nimelia kwa furaha. Sikujua kuna mtu mwingine huko anayemkumbuka. Alikuwa mtundu na mlafi, lakini macho yake sijayaona tena popote duniani. Chongeni. Nitakuja mwenyewe."

Mkahawa ulilipuka! Mjane wa duka la tofu alipiga kelele. Bwana Hatakeda alivua kofia, akamwinamia Mzee Iwabuchi na kusema, "Nisamehe, ndugu yangu. Kumbe ni kweli."

Na Mzee? Mzee alikuwa amegeuka mweupe kama tofu.

Kesho yake ilikuwa Jumatano. Saa mbili asubuhi nikasikia mtu anagonga mlango wa nyuma. Ni yeye.

"Mama," akanong'ona, "niangalie machoni."

"Nakuangalia."

"Ni mazuri?"

Nikamwangalia. Ni macho mawili, yote yapo. "Yanaona," nikasema.

"Mama, mtu anaweza kufanya jambo akalisahau?"

"Kama lipi?"

"Kama... kupendwa."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mzee wa watu ameanza kuuamini uongo wake mwenyewe. Alikwenda mpaka Aomori akanunua koti refu jeupe. Alipaka nywele rangi, akapaka na nyusi, akawa kama mtu aliyetiwa saini mara mbili usoni. Jioni alitembea gatini peke yake, akifanya mazoezi ya kutogeuka nyuma.

Siku chache kabla ya sherehe, Bi Fusae alikuja kabla sijafungua. Aliniletea ndoo ya figili, akaiweka chini, akasema kana kwamba anataja bei:

"Mama, siku ya jiwe naondoka. Nakwenda kwa dada yangu Morioka. Nimekata tiketi ya kwenda."

"Na ya kurudi?"

"Sikuiulizia."

Nikamvutia kiti.

"Nilipoolewa, aliniambia hajawahi kupenda mtu kabla yangu," akasema. "Alisema kwa kigugumizi, masikio mekundu. Nikaamini. Sasa kila nikienda kununua samaki nitapita mbele ya jiwe linaloniambia mimi ni wa pili. Figili zitakuwa tayari baada ya siku kumi, usizifunue kabla."

"Njoo basi umwone huyo mwanamke," nikamwambia. "Usiondoke bila hata kumjua sura."

Alifikiri. "Basi la Morioka ni saa sita," akasema. "Nitakuja na begi."

Sherehe ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa tano, upepo wa bahari ukitupiga makofi ya shavuni. Jiwe lilikuwa limefunikwa shuka jeupe. Fundi wetu wa mawe kazi yake ya kila siku ni makaburi, kwa hiyo jina la Mzee lilikuwa limechongwa kwa heshima zote za marehemu: IWABUCHI TAMOTSU, ALIYEONDOKA BILA KUGEUKA NYUMA. Ofisi ya mji ilikuja, gazeti la mkoa likaja, watoto wa shule wakaja na filimbi. Bi Fusae alisimama nyuma kabisa, begi miguuni.

Bibi Tatsuyo alishuka kwenye gari akiwa na fimbo na miwani mikubwa kuliko uso. Ana miaka themanini na sita, na nadhani kilo zake ni nusu ya hiyo. Mwenyekiti akahutubia. Jua likachomoza, likafika kichwani, likaanza kushuka. Hatimaye akasema, "Na sasa, baada ya karibu miaka hamsini, wawili hawa watakutana tena!"

Mzee Iwabuchi akatokea nyuma ya banda la feri ndani ya koti jeupe, ua mkononi, kola juu mpaka masikioni. Alitembea taratibu, upande mmoja wa uso ukiangalia kamera. Akasimama mbele ya bibi.

"Tatsuyo," akasema kwa ile sauti ya kisigino. "Nimerudi."

Bibi akainua miwani. "Ehe?"

"Ni mimi. Wa gati la tatu."

"Oo, wewe ni wa gatini! Vizuri. Choo kiko upande gani, mwanangu?"

Watu wakakohoa. Mzee akasogea karibu. "Mimi ndiye niliyekuja na mvua."

"Mvua? Leo haitanyesha, wamesema redioni."

"Niliyeondoka!"

"Ongea kwa nguvu, mwanangu, upepo unanichukulia maneno."

Mwenyekiti, kwa kusaidia, akamshikisha kipaza sauti. Na Mzee Iwabuchi, ambaye hajawahi kukikataa kipaza sauti maishani mwake, akanguruma bandari nzima ikasikia:

"MIMI NDIYE ULIYENILILIA!"

Hata shakwe walinyamaza.

Bibi Tatsuyo alimtazama kuanzia nyusi mpaka viatu. Akampapasa mkono, kama anavyopapaswa mtoto mwenye homa.

"Hapana, mwanangu," akasema, na kipaza sauti kiko pale pale. "Mimi nilimlilia Gonta."

"Gonta?" akauliza Mwenyekiti. "Gonta ni nani?"

"Paka wangu."

Ningependa kusema kwamba sisi watu wa adabu tulijizuia. Hatukujizuia. Mjane wa duka la tofu alimshika Bwana Hatakeda asianguke, wakaanguka wote. Watoto wa shule walitoa sauti kwenye filimbi bila kupenda.

Mwenyekiti alikuwa bado anapigania jiwe lake. Akatoa kadi mfukoni. "Lakini Bibi, umeandika mwenyewe! Macho ambayo hujayaona tena popote!"

"Moja la njano, moja la buluu," akasema Bibi Tatsuyo. "Wewe umeyaona wapi tena? Alinijia usiku wa mvua, kalowa chapachapa. Alinilia samaki wote. Alinikwaruza mkono mpaka huku. Halafu asubuhi moja akajificha kwenye kreti za samaki akaondoka na feri, mwizi yule!"

"Bila tiketi!" akapiga kelele Bwana Hatakeda kutoka chini alikoanguka. "Ndiyo maana sikumwona!"

Mzee Iwabuchi alisimama pale na ua lake. Rangi ya nyusi ilikuwa imeanza kuteremka, sijui kwa jasho, sijui kwa nini. Kola ilikuwa imelala yenyewe.

Na hapo, kwa bahati mbaya au nzuri, upepo ukalichukua shuka.

Bibi akasogea karibu na jiwe, pua ikakaribia kuligusa. Akasoma wimbo wake mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza. Akafika chini. Akasoma. Akasoma tena.

"Iwabuchi Tamotsu," akasema. "Huyu naye ni nani?"

Mwenyekiti akamtazama fundi, fundi akamtazama Mwenyekiti, mwandishi wa gazeti akalamba ncha ya kalamu. Jiwe lile lilikuwa limemeza mfuko wote wa chama, na jina la mtu likishakatwa kwenye mawe huwezi kulifuta kwa kitambaa. Mzee alifungua mdomo. Miaka kumi na minne ya maneno, na siku hiyo halikutoka hata moja.

Sauti ikatoka nyuma.

"Ni jina la paka, Bibi."

Bi Fusae alikuwa anapita katikati ya watu na begi lake. Akafika mbele, akainama kwa heshima.

"Hatukujua kwamba wewe ulimwita Gonta," akasema. "Sisi hapa mjini tulimwita Iwabuchi Tamotsu."

Bibi Tatsuyo aliangusha fimbo. "Mlimpa mpaka jina la ukoo?"

"Alikuwa na lake, Bibi."

Yule bibi mdogo akalikumbatia jiwe kwa mikono miwili, shavu likiwa juu ya IWABUCHI, akalia machozi ambayo hayakuwa ya vumbi la miti. "Mlimpenda hivyo! Na mimi nilidhani alilala njaa baada yangu!" Mpiga picha akapiga. Mwenyekiti naye akalia, ila yake yalikuwa ya kuokoka. Nani sasa angemwambia bibi huyo kwamba si kweli? Nani alikuwa na moyo huo?

Basi la saa sita liliondoka. Nililiona kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye benchi la banda la feri, nimewapa kisogo Mzee na mkewe, nikijifanya nasubiri mtu. Usinilaumu, sikio halina kifuniko.

"Mwaka ule ulikwenda wapi?" aliuliza Bi Fusae.

"Sikwenda popote."

"Nieleze."

"Nilikuwa na matubwitubwi," akasema Mzee Iwabuchi. "Majira yote ya baridi. Shingo ilikuwa kama boga. Mama yangu alinifunga kitambaa, nikakaa ndani mpaka theluji ikaisha."

Kisha benchi likaanza kutikisika. Nilidhani analia mmoja wao, nikageuka. Bi Fusae alikuwa amejiinamia kwenye begi lake anacheka, anacheka mpaka hana sauti, mikono yake myekundu inapigapiga begi kama ngoma.

"Miaka kumi na minne!" akapata kusema. "Nimemwonea wivu mwanamke mwenye paka! Kwa nini hukuniambia?"

"Nani atampigia makofi mtu mwenye matubwitubwi?" akasema mumewe, na masikio yake yalikuwa mekundu.

Bi Fusae alijifuta macho. Akampa begi alibebe. Lilikuwa zito, akalibeba bila neno.

Mwenyekiti Kanematsu alipata watalii wake. Picha ya bibi amekumbatia jiwe ilitoka gazetini, na sasa kila Jumapili feri inashusha watu wanaokuja kumwona Paka Iwabuchi. Wanabonyeza kitufe, wanakutanisha viganja kwa heshima, wanaacha dagaa wakavu na makopo ya jodari mbele ya jiwe. Duka la vifaa vya mazishi limeacha majeneza kidogo na linauza vinyago vya paka mweupe, jicho moja njano, jingine buluu, amevaa koti refu jeupe. Koti ni wazo la Bwana Hatakeda.

Mzee Iwabuchi amepewa kazi na chama: kufagia dagaa kila asubuhi kabla paka wa kweli hawajajaa gatini. Anafagia na kofia imeshuka mpaka puani. Juma lililopita tulipita hapo mimi na Bi Fusae tukitoka kununua samaki, tukakuta familia moja kutoka Tokyo imesimama mbele ya jiwe. Mama wa familia hiyo akamwona Bi Fusae kuwa ni mtu mzima wa hapa hapa, akamwinamia.

"Samahani, Bibi. Wewe ulimwahi huyu Iwabuchi?"

Fagio likasimama.

"Nilimwahi sana," akasema Bi Fusae. "Alikuwa anakaa kwangu."

"Alikuwaje?"

Bi Fusae akamtazama yule mwenye fagio, akafikiri kwa makini, kama mtu anayetaka kutenda haki.

"Kelele nyingi," akasema. "Panya, hakukamata hata mmoja."